Mashirika ya ndege ya Texas na gharama ya kuwaridhisha wenye hisa

Mwaka 1972, shirika changa la ndege la Southwest, lenye makao yake mjini Dallas katika jimbo la Texas nchini Marekani, lilikuwa na ndege 4 na fedha zilizokaribia kwisha. Lilikuwa limeanza safari mwezi Juni mwaka uliotangulia, kati ya Dallas, Houston na San Antonio, baada ya kesi za miaka kadhaa dhidi ya washindani waliotaka lisiruke kabisa. Ili kupata fedha, uongozi uliuza ndege moja. Hesabu za kawaida zingedai kupunguza pia safari na watu. Badala yake, wafanyakazi walijizoeza kushusha abiria, kusafisha ndege na kupakia wengine ndani ya dakika 10, na ndege 3 zikafanya kazi ya 4. Mwaka 1973 shirika lilipata faida, na halikupata tena hasara ya mwaka mzima hadi 2020.

Herb Kelleher, mwanasheria aliyekuwa miongoni mwa waasisi na aliyeliongoza shirika hilo kwa takriban miongo miwili, alikuwa na mpangilio wake: wafanyakazi kwanza, kisha abiria, halafu wenye hisa. Haikuwa sadaka. Hoja yake ilikuwa kwamba mfanyakazi aliyetendewa vyema humtendea vyema abiria, abiria hurudi, na mwenye hisa hunufaika. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mashirika mengine makubwa ya Marekani yaliwaachisha kazi maelfu kwa maelfu. Southwest haikumwachisha hata mmoja.

Wakati huo huo, fikra nyingine ilikuwa imeenea nchini humo. Septemba 1970, mwanauchumi Milton Friedman aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida yake. Mwaka 1982, tume inayosimamia masoko ya hisa ilipitisha kanuni iliyoziwezesha kampuni kununua hisa zao zenyewe sokoni bila hofu kubwa ya kushtakiwa kwa kuchezea bei. Msikilizaji huenda akauliza: kampuni inapata nini kwa kujinunua? Hisa zilizobaki mikononi mwa watu zikipungua, faida ile ile hugawanywa kwa hisa chache, na kila hisa huonekana imepata zaidi, ingawa hakuna ndege mpya wala abiria mpya. Na wakurugenzi wengi hulipwa sehemu ya ujira wao kwa hisa.

Mjini Houston, kilomita zipatazo 380 kusini mwa Dallas, kampuni ya nishati ya Enron iliifikisha mbali ibada hiyo ya bei ya hisa. Bei ilionyeshwa kwenye skrini hata ndani ya lifti za jengo lake. Faida iliyotarajiwa kutokana na mikataba ya miaka mingi iliandikwa vitabuni siku ile ile, na madeni yakafichwa katika kampuni za kando. Agosti 2000 hisa moja ilifikia dola zipatazo 90. Enron ilipofilisika Desemba 2, 2001, haikufika dola 1. Maelfu walipoteza kazi, pamoja na akiba ya uzeeni iliyokuwa katika hisa hizo hizo.

Enron ilikuwa udanganyifu, na mahakama ilishughulika nao. Kinachostahili kutazamwa zaidi ni yale yaliyofanywa kwa mujibu wa sheria.

Huko Fort Worth, jirani wa Dallas, ndiko yaliko makao ya shirika la ndege la American. Aprili 2017 shirika hilo liliwapandishia mishahara marubani na wahudumu wa ndege kabla mkataba wao haujaisha. Mchambuzi mmoja wa benki ya Citi alilalamika kwamba wafanyakazi wamelipwa kwanza tena, na wenye hisa wameachiwa makombo. Hisa zikashuka siku hiyo. Malalamiko ya ajabu, kwani tangu 2014 hadi janga la korona lilipoingia, American lilitumia zaidi ya dola bilioni 12 kununua hisa zake. Septemba 2017, mkurugenzi mtendaji Doug Parker alisema haamini kwamba shirika litapata hasara tena. Hasara ya 2020 ilikuwa dola bilioni 8.9, na walipa kodi ndio waliolipa mishahara: walimu, wauguzi, madereva wa malori, wakiwemo Waafrika Mashariki wanaoishi Dallas na Houston.

Southwest nayo ilikuwa imeingia katika mkondo huo. Mwaka 2018 na 2019 ilinunua hisa zake kwa takriban dola bilioni 2 kila mwaka. Korona ilipokuja, ilipokea zaidi ya dola bilioni 7 za serikali, sehemu yake ikiwa mkopo. Desemba 7, 2022 ilitangaza kuanza tena kulipa gawio kwa wenye hisa. Wiki mbili baadaye dhoruba ya baridi ikapiga. Programu ya kuwapangia kazi marubani na wahudumu, ambayo vyama vyao vilikuwa vimeionya kwa miaka mingi, ilizidiwa. Wafanyakazi walikaa kwenye simu kwa saa nyingi wakijaribu kuwaeleza wakubwa wao mahali walipo. Zaidi ya safari 16,000 zilifutwa na abiria wapatao milioni 2 wakakwama msimu wa Krismasi. Tukio hilo liliigharimu Southwest zaidi ya dola bilioni 1.

Juni 2024, mfuko wa uwekezaji wa Elliott ulifichua kwamba umenunua sehemu ya Southwest yenye thamani ya takriban dola bilioni 1.9. Ulilaumu uongozi kwa teknolojia iliyopitwa na wakati, na hapo haukukosea. Ulipata viti kwenye bodi. Februari 2025 Southwest ilitangaza kuwaachisha kazi watu 1,750, yaani asilimia 15 ya wafanyakazi wa ofisini, hatua isiyowahi kuchukuliwa katika historia yake. Mwezi Mei, mabegi yaliyosafiri bure kwa miongo kadhaa yakaanza kulipiwa. Kufikia Julai, ununuzi wa hisa zake wa dola bilioni 2.5 ulikuwa umekamilika, na bodi ikaidhinisha mwingine wa bilioni 2.