Uso na Kisogo vya Sarafu

Kila sarafu ina pande mbili, na mtaalamu anayeielezea lazima aseme upi wa kwanza. Wengi husema "upande wa kichwa", na kwa sarafu ya Kirumi jina hilo linatosha. Chukua ile ndogo ya shaba nyeusi iliyoanza kutolewa mwaka 330, enzi ya Constantine. Upande mmoja una kichwa cha mtawala. Upande wa pili wamesimama askari wawili, kila mmoja na mkuki na ngao yake, na katikati yao beramu mbili za jeshi. Maneno ya Kilatini yanayowazunguka, GLORIA EXERCITVS, maana yake ni utukufu wa jeshi. Miaka michache baadaye sarafu ilipunguzwa uzito, na beramu ikabaki moja.

Ukifika visiwa vya Lamu jina hilo halifai tena. Huko Shanga, kisiwani Pate, alikochimba Mark Horton miaka ya 1980, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Muhammad na Abdallah. Hazina kichwa wala mkuki, ni maandishi ya Kiarabu tu. Kisiwani Manda, timu ya Chapurukha Kusimba na Sloan Williams ilitangaza mwaka 2013 kupata sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle, yenye tundu la mraba katikati; nayo ina maandishi tu. Hata Kenya ya leo imeacha vichwa: Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye sarafu, na zile za 2018 zina nembo ya taifa, pamoja na ngao na mikuki yake, upande mmoja, na mnyama upande wa pili.

Napendekeza "uso" na "kisogo". Uso ni upande wa mwenye mamlaka, awe amechorwa, ametajwa kwa jina au amewakilishwa na nembo. Kisogo ni ule mwingine. "Mgongo" siupendi, kwa sababu tunasema pia mgongo wa mlima, na msomaji wa maelezo ya sarafu atadhani tunazungumzia mwinuko wa chapa.

Manufaa yake nayaona zaidi kwenye sarafu za shaba za Kilwa. Ile ya Ali bin al-Hasan ina jina lake usoni, na kisogoni maneno ya kumtumainia Mola, yenye kina kimoja na jina hilo. Ni sentensi moja iliyogawanywa pande mbili; anayeanzia kisogoni hajui bado ni nani anayetumaini.