Mwanamke na Ngoma ya Kifalme

Ndugu wasikilizaji, hasa ninyi askari wa jeshi na polisi mnaosimama gwaride siku ya Julai mosi huku ngoma zikivuma: leo tunaitazama historia ya ngoma hizo, na mahali pa mwanamke ndani yake.

Kwa Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma, na lina maana ya ufalme pia. Karyenda, ngoma kuu, ilikuwa ishara ya mwami. Wapigaji, abatimbo, walitoka katika koo maalumu, kama zile za Gishora karibu na Gitega, na mwana alimrithi baba. Ufalme uliondolewa tarehe 28 Novemba 1966. Ngoma zikabaki, zikawa za taifa, na mwaka 2014 UNESCO ikaziandika katika urithi wa binadamu.

Kisha tarehe 20 Oktoba 2017 amri ya Rais Pierre Nkurunziza ikawakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Waliachiwa kucheza michezo ya kike pembeni. Ilinuiwa, ilisemwa, kulinda mila.

Mila ipi? Katika hekalu la Karyenda alikuwako Mukakaryenda, mwanamke aliyehesabiwa kuwa mke wa ngoma. Tena itazameni ngoma yenyewe, iliyochongwa katika mti wa umuvugangoma. Vigingi vya kuikaza ngozi huitwa amabere, yaani matiti. Tumbo lake ni inda. Kitako chake ni umukondo, yaani kitovu. Na ngozi ni icahi, ile ya kumbebea mtoto. Basi kinachopigwa ni mwili wa mama, naye mama akaambiwa asiuguse!

Kweli, fimbo zilikuwa mikononi mwa wanaume, hilo hatulifichi. Lakini abatimbo wa kale walimpigia mwami, na baada ya 1966 wenzao walipiga hata harusini kwa malipo. Mila ilikwisha kumgeukia mwanamume bila kelele.

Kwa jirani zetu wa Rwanda, Odile Gakire Katese alianzisha mwaka 2004 kikundi cha wanawake wapigaji, Ingoma Nshya, kikakusanya wanawake wa pande zote mbili za maafa ya 1994. Ngoma haikupasuka.

Binti wa Carama, kaskazini ya Bujumbura, huweza kuvaa sare mliyoivaa ninyi. Chini ya amri ile aliruhusiwa kushika bunduki, asiruhusiwe kushika fimbo mbili za ngoma.