Mkono wa Andrea Kaggwa

Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ya mtaani kwetu ina somo wake, naye ni Mtakatifu Andrea Kaggwa. Kila mwaka, mwanzoni mwa Juni, kunako kumbukumbu ya Mashahidi wa Uganda, tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu kwa misa, pilau na hotuba ambazo aghalabu huzidi urefu wa misa yenyewe. Safari hii mwenyekiti alinitaka nieleze somo wetu alikuwa nani. Alinipa dakika kumi. Nilidhani kazi ni nyepesi, kwa maana habari za mashahidi hao nilizisikia tangu nikiwa mtoto wa komunyo ya kwanza.

Ninachokijua mimi ndicho anachokijua kila Mkatoliki wa ukanda huu. Kati ya mwaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga wa Pili aliwaua vijana wa ikulu yake na watu wengine waliokuwa wameshika dini mpya, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 kwa hesabu iliyozoeleka. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kaggwa alikuwa ametangulia siku chache, tarehe 26 Mei, huko Munyonyo. Alikuwa mtu wa Bunyoro aliyetekwa utotoni, akapanda hadi kuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Katikiro, yaani waziri mkuu, alimchukia kiasi cha kusema kwamba hatakula chakula cha jioni mpaka aletewe mkono wake. Mkono ukakatwa, ukapelekwa, kisha mwenyewe akauawa.

Hadi hapo hotuba ilikuwa imekwisha kuandikika. Nilipokuwa nikipitia habari za maisha yake kabla ya Munyonyo, nilikutana na jambo ambalo nililiruka miaka yote.

Mapadre wa White Fathers walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882, kwa kuhofia usalama wao, waliondoka wakavuka ziwa kuja upande wetu wa kusini, ambako walifungua misheni ya Bukumbi, mkoani Mwanza kwa mipaka ya leo. Hawakurudi Buganda hadi Julai 1885. Kwa takriban miaka mitatu, basi, Wakristo wa Buganda hawakuwa na padre, misa wala kitubio. Kaggwa mwenyewe alikuwa amebatizwa mwaka huohuo wa 1882. Mtu mwenye ubatizo wa miezi michache ndiye aliyebaki akiwa miongoni mwa viongozi wa kanisa.

Na miaka hiyo ilikuwa ya maradhi. Tauni na ndui zilikuwa zikiua watu karibu na ikulu. Kaggwa alikwenda kwenye nyumba za wagonjwa, akawahudumia, akawafundisha waliotaka kufundishwa, akawabatiza waliokuwa wakikata roho na kusimamia maziko ya waliokufa. Walipoondoka mapadre waliacha kikundi kidogo cha waamini. Waliporudi walikikuta kimeongezeka.

Mkono aliouomba Katikiro, kwa hiyo, ulikuwa na historia. Lakini sisi tumeuchora ukikatwa, hatujauchora ukimnywesha mgonjwa maji. Sijui ni picha ngapi za mashahidi hawa nimeziona kwenye kuta za makanisa, na ninachokumbuka ni kuni, mikuki na miali ya moto.

Msomaji atasema kwamba shahidi hutangazwa kwa kifo chake, na hilo ni kweli kwa sheria za Kanisa. Hoja yangu ni ya kihistoria. Jamii zetu zina kumbukumbu kali ya waliouawa na mfalme, na kumbukumbu dhaifu mno ya waliouawa na maradhi. Mashahidi wa Uganda walitangazwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920. Miaka miwili tu kabla ya hapo homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 ilikuwa imepita Afrika Mashariki, ikiwakuta watu waliokwisha chakazwa na vita na njaa, ikaua makumi ya maelfu. Wafu hao hawana sikukuu, hawana mnara, na wajukuu zao wengi hawajui kwamba babu walikufa kwa homa hiyo.

Kisha ikaja Juni 2020, miaka mia moja kamili baada ya tangazo lile la Roma. Namugongo, ambako mahujaji humiminika kwa miguu kutoka Kenya, Rwanda, Kongo na kwetu kupitia Mutukula, hapakuwa na hija. Uganda ilikuwa imefunga makanisa tangu Machi. Huku kwetu Serikali haikuyafunga. Tulifanya siku tatu za maombi ya kitaifa mwezi Aprili, na mwanzoni mwa Mei takwimu zikakoma: wagonjwa 509, vifo 21. Zilibaki hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwishoni mwa Januari 2021 maaskofu wetu walitoa waraka wa tahadhari, na Machi katibu wa Baraza lao akasema kwamba katika miezi miwili walikuwa wamekufa mapadre zaidi ya 25 na masista 60 wenye matatizo ya kupumua. Hiyo ndiyo lugha tuliyokuwa nayo. Watu walikufa kwa "changamoto ya upumuaji".

Mwezi Februari mwaka huo changamoto hiyo ilimfikia mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa akituongoza rozari kwa miaka mingi. Aliugua siku sita. Mkewe alipiga simu kwa watu kadhaa, nami nikiwamo, akiomba mtu wa kumsaidia kumgeuza kitandani. Nilimtumia fedha kwa simu. Nilikuwa na sababu, na bado naziona kuwa sababu za kweli: nina mama mwenye kisukari nyumbani. Nilimfukizia mama nyungu, nikafunga geti. Walioenda walikuwa wawili, kijana wa bodaboda ambaye si Mkatoliki na mama muuza mboga. Mazishini nilisimama mbali nikiwa na barakoa, tulikuwa wachache, na hakuna aliyetaja ugonjwa.

Hilo ndilo lililoiharibu hotuba yangu. Mjane yule hukaa mstari wa pili kila sikukuu. Ningesimamaje mbele yake kueleza kwamba somo wetu alikuwa akiingia nyumba za wenye tauni?

Nilieleza. Nilitumia dakika saba kati ya kumi, na ya Munyonyo niliyapitia kwa haraka. Hakuna aliyepiga makofi, nami sikutazama mstari wa pili. Baada ya chakula yule mama muuza mboga alipendekeza kwamba kuanzia mwakani majina ya waliokufa kipindi kile yasomwe kwenye misa ya somo. Pendekezo lilipita, katibu akafungua daftari. Mpaka sasa lina majina manne. Ubishi uliobaki ni wa familia mbili zinazoshikilia kwamba wazee wao walikufa kwa nimonia ya kawaida, na kwamba hazitaki waandikwe humo.