Unywele na Zebaki

Sisi wa Songwa tumekulia jirani na almasi za Mwadui, na almasi haihitaji zebaki. Dhahabu ya wachimbaji wadogo ndiyo inayoihitaji. Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu yao mwaka 1990, vijana wengi wa Usukumani walielekea Geita, wakazijua Nyarugusu na Rwamagasa kama walivyozijua njia za malishoni. Huko walijifunza kusaga jiwe, kuchanganya unga wake na zebaki katika beseni, kukamua kwa kitambaa, kisha kukichoma kile kidonge juu ya mkaa mpaka zebaki iondoke kwa moshi na dhahabu ibaki. Nyuma yao zikafuata gesti, baa na saluni, maana penye fedha mpya watu hupenda kupendeza. Mimi ni mwalimu wa ususi, na nimeona kwamba historia ya dhahabu hiyo huandikwa kana kwamba saluni haikuwamo. Ilikuwamo.

Wanafunzi wangu huanza na jambo ambalo mteja hapendi kuambiwa: unywele anaoutunza kwa mafuta na gharama zote hizo umekufa. Kilicho hai ni mzizi uliozama katika ngozi ya kichwa, ndani ya kijifuko kinacholishwa na mishipa midogo ya damu. Hapo chembe huzaliwa, hujaa protini iitwayo keratini, hukauka na kusukumwa nje, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Keratini ina salfa nyingi, na vifungo vya salfa ndivyo vinavyoupa unywele uimara wake. Zebaki nayo ni mpenzi mkubwa wa salfa. Ikiwamo katika damu siku ile chembe zinapoumbwa, hunaswa humo humo, na unywele ukirefuka huondoka nayo. Kwa hiyo unywele wa sentimita 12 ni kumbukumbu ya mwaka mzima hivi: shinani ni juzi, nchani ni mwaka jana.

Dunia iliyajua haya kwa misiba. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kisha nchini Iraki, mwaka 1971 kuingia 1972, familia za wakulima zilioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyokuwa imetiwa dawa ya ukungu yenye zebaki. Mamia walikufa. Wataalamu walizikata nywele ndefu za akina mama vipande vipande, wakapima kimoja kimoja, na humo wakausoma mwezi ambao mkate ule ulianza kuliwa na mwezi ulipoachwa. Mgonjwa anaweza kusahau tarehe. Unywele wake haukusahau.

Ndiyo maana Daktari Masazumi Harada, aliyewashughulikia wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi, alipofika na wenzake kanda ya Ziwa katika miaka ya 1990, alitaka nywele: za wachimbaji, za wavuvi na jamaa zao, za wakazi wa mji wa Mwanza. Hofu ilikuwa kwamba zebaki ya machimboni imeingia ziwani, na kutoka ziwani imeingia katika samaki na mezani kwetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Wengi walikuwa na viwango vya kawaida. Lakini miongoni mwa wachache waliozidi sana walikuwamo watu ambao kazi yao haikuwa dhahabu kabisa. Zebaki yao ilitoka bafuni. Walikuwa wakioga kwa sabuni ya kung'arisha ngozi.

Mambo haya hayakuwa mageni Afrika ya Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walikwisha kuchapisha habari za wagonjwa waliovimba mwili kwa figo kuharibika, ambao wengi wao walikuwa watumiaji wa krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, ndiyo siri yote ya weupe ule. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliizuia katika vipodozi vyao mwaka 1976, ila sabuni yenye zebaki iliendelea kutengenezwa huko kwa ajili yetu, hata kuipeleka nje kukapigwa marufuku mwaka 2003. Miaka 27! Mwaka huo huo wa 2003 Tanzania nayo ilipata Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi. Tangu mwaka 2019 vipodozi vimekuwa chini ya Shirika la Viwango, lakini mkorogo bado unachanganywa vyumba vya nyuma, na huuzwa bila karatasi ya kueleza kilichomo.

Nisiusifu unywele kupita kiasi. Hueleza vizuri zebaki ya samaki na ya ngano ile. Moshi wa kuchoma dhahabu husomeka vizuri zaidi katika mkojo. Waliotumwa na mradi wa Umoja wa Mataifa Rwamagasa mwaka 2003 walichukua damu, mkojo na nywele pamoja. Zebaki ya sabuni nayo yaweza kuganda juu ya unywele kutoka nje, bila kupita katika damu, na mpimaji asiyejua akadanganyika. Na kuna dawa za saluni. Ile ya kutia mawimbi hufungua vifungo vile vile vya salfa, nayo zebaki iliyokuwa imenaswa humo hupungua. Dawa kali ya kunyoosha huvivunja vifungo hivyo pia. Mama aliyetia dawa mwezi uliopita anaweza kupimwa akaonekana hana neno.

Kwa sababu hiyo mpimaji makini, kabla hajashika mkasi, huuliza maswali ambayo msusi huyauliza kila asubuhi: nywele hizi zimetiwa dawa gani, lini, na unaogea sabuni ipi? Wanafunzi wangu huyaandika majibu katika daftari la wateja. Safu ya sabuni ndiyo hujazwa kwa shida, kwa kuwa mteja hutazama kwanza mlangoni ndipo ajibu.