Udongo mwekundu wa Gusii: Chembe ndogo za chuma zinazoamua hatima ya mbolea

WAKULIMA wa Kisii na Nyamira wanaufahamu vyema udongo mwekundu wa milima ya Gusii. Kinachoupa rangi hiyo ni oksidi za chuma, jamaa wa kutu, na nyingi kati yake ni chembe ndogo zinazopimwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni moja.

Oksidi za aina hiyo hutengenezwa pia katika maabara za mataifa mbalimbali kuwa sumaku ndogo za kusafishia maji, kuboresha picha za uchunguzi wa mwili na kubeba dawa. Iwe maabarani au shambani, kanuni ni moja: namna chembe ilivyoundwa ndiyo huamua ukubwa wake na ubora wa fuwele yake, na hayo mawili ndiyo huamua itafanya kazi gani.

Fuwele ni mpangilio wa atomi unaojirudia kwa utaratibu, mfano wa matofali katika ukuta uliojengwa na fundi stadi. Atomi zikikosa mahali pake, sumaku hudhoofika. Chembe inapozidi kuwa ndogo, atomi nyingi zaidi hukaa usoni, ambako mpangilio huvurugika kwa urahisi. Magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma, ikipungua kufikia takriban nanomita 20 haidumishi tena usumaku wake. Huvutwa tu sumaku nyingine inapokuwa karibu. Sifa hiyo huwafaa matabibu, kwa kuwa chembe hazigandamani ndani ya damu.

Njia rahisi ya kuitengeneza ni kuchanganya chumvi mbili za chuma katika maji na kuongeza alkali. Unga mweusi hujitenga mara moja, lakini chembe zake hutofautiana kwa ukubwa na fuwele zake huwa na kasoro. Njia ya pili ni kuchemsha misombo ya chuma katika vimiminika maalumu hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Gharama hupanda, ila chembe hulingana na fuwele hunyooka.

Katika milima ya Gusii, maabara ni mvua, joto na muda. Miamba ya kale ya volkeno, ikiwamo basalti, huoza na kuachilia chuma. Chuma hicho kikijitenga haraka, hasa penye mabaki ya mimea, huzaa ferihaidraiti, chembe za nanomita chache zenye mpangilio hafifu. Miaka inavyopita, chembe hizo hugeuka kuwa hematiti nyekundu, au gothaiti ya manjano-kahawia penye baridi na unyevu zaidi. Moto nao una kazi yake. Mabua na mizizi ikiteketezwa, sehemu ya oksidi hizo hugeuka kuwa maghemaiti, ambayo huvutwa na sumaku. Ndiyo sababu udongo wa mekoni au wa mahali palipochomwa takataka huenda ukanasa kwenye sumaku kuliko ule wa chini ya shamba.

Jambo hili lina uzito kwa mkulima kwa sababu ya fosforasi, kirutubisho kinachojenga mizizi na nafaka. Fosfeti hujibandika kwenye uso wa oksidi za chuma, na kadiri fuwele ilivyo ndogo na hafifu, ndivyo uso wake ulivyo mpana. Gramu moja ya ferihaidraiti ina uso unaozidi mita za mraba 200. Mbolea ya DAP iliyotawanywa kote shambani hukutana na uso huo kabla ya kuifikia mizizi.

Udongo wa eneo hili umechunguzwa kwa muda mrefu. Ripoti ya Wielemaker na Boxem kuhusu udongo wa Kisii ilichapishwa mwaka 1982. Mwaka 1993, Smaling na wenzake walikadiria kuwa kila hekta katika wilaya ya Kisii ya wakati huo ilikuwa ikipoteza kilo 112 za nitrojeni, kilo 70 za potasiamu na kilo 3 pekee za fosforasi kwa mwaka. Kiwango hicho kidogo cha fosforasi hakimaanishi kwamba mimea imeshiba. Sehemu kubwa hubaki udongoni ikiwa imefungwa.

Katika kaunti ambazo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 Kisii na zaidi ya 600,000 Nyamira, vipande vya ardhi ni vidogo na kila mfuko wa mbolea una thamani. Mbolea huwafaa zaidi wanaoiweka ndani ya shimo au mfereji karibu na mbegu. Samadi na majani ya tithonia husaidia, kwa kuwa asidi zake hushindania nafasi zile zile na fosfeti. Chokaa hupunguza uchachu katika shamba la mahindi na maharagwe, lakini haifai kwenye majani chai, zao linalopenda udongo wenye asidi.

Sumaku, hata hivyo, haipimi rutuba. Hematiti na gothaiti, ambazo nazo hushika fosfeti, huvutwa kwa udhaifu mno. Kipimo cha maabara ya udongo ndicho kinachomwonyesha mkulima kiasi cha uchachu na fosforasi iliyopo kabla hajanunua mbolea.