Seli Haivai Kipande

Ukiwa Gatitu ukisema unaenda Mathari, kila mtu anajua ni hospitali ya misheni ya Consolata, hapa hapa Nyeri. Lakini sema hivyo hivyo Nairobi, watu wataanza kukuchunguza macho. Mathari yao ni hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyofunguliwa mwaka 1910 na kupewa jina hilo 1924. Ni kutoka hiyo ya Nairobi ambapo habari mbaya kuhusu ubongo wetu ilisafiri hadi vijiji vya Nyeri.

Miaka ya 1930, daktari wa pale aliyeitwa H. L. Gordon alishikilia kwamba Mwafrika amezaliwa na akili pungufu. Alihitaji ushahidi wa nyama na damu. Mwenzake F. W. Vint, mtaalamu wa maabara Nairobi, akaupima ubongo wa maiti za Waafrika. Mwaka 1934 alichapisha majibu yake: uzito wa wastani gramu 1,276, dhidi ya 1,428 za Mzungu, na gome la ubongo jembamba kwa karibu asilimia 15. Hata seli, alisema, zilikuwa ndogo.

Sasa tuulize, hizo seli hufanya nini? Seli ya neva, au nyuroni, ina mwili, ina matawi ya kupokea habari, na ina mkia wa kuipeleka mbele. Kuna mikia inayotoka kiunoni hadi kidole cha mguu, karibu mita nzima. Habari yenyewe ni umeme mdogo: chembe za sodiamu zinaingia, za potasiamu zinatoka, na wimbi linakimbia, kwa neva zenye kasi, zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Ndiyo maana ukigusa sufuria moto, mkono unaruka kabla hujasema "uuwi". Uti wa mgongo umeshaamua bila kungoja ubongo. Mwisho wa mkia kuna pengo dogo mno, na hapo ujumbe unavuka kwa kemikali. Njia inayotumika sana inaimarika, isiyotumika inafifia. Tuna nyuroni kama bilioni 86 hivi, na akili iko katika namna zinavyoungana.

Kwa hivyo mizani ya Vint haikuweza kupima akili. Uzito wa ubongo hubadilika na ukubwa wa mwili, umri, lishe, ugonjwa, hata dawa ya kuhifadhia. Gome lenyewe lina unene wa milimita mbili hadi nne tu. Ukichukua namba zako za Nairobi ukazilinganisha na namba zilizopimwa Ulaya na watu wengine, utapata tofauti yoyote unayoitafuta.

Ingeishia kwenye makabati ya maabara, tungecheka. Lakini mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa J. C. Carothers, ambaye wakati huo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa neva za sehemu ya mbele ya ubongo. Operesheni hiyo ilikuwa imempa mvumbuzi wake Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Mwaka uliofuata kitabu hicho, serikali ya Kenya ilichapisha ripoti ya Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi wakageuzwa wagonjwa, na mojawapo ya tiba zake ikawa kuwakusanya vijijini. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja wa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu na Meru walikuwa wamehamishwa kwa nguvu, wengi nyuma ya mitaro na miiba.

Cucu mmoja jirani yangu alikuwa msichana mdogo wakati huo. Hadi leo firimbi ya mwalimu wa michezo ikilia, kikombe kinamtetemeka mkononi. "Mimi nimekaa, lakini mwili bado unakimbia," huniambia. Sayansi ya leo inaweza kumweleza: ndani ya ubongo kuna kisehemu kama lozi ambacho hujifunza hofu haraka na kuisahau polepole. Kwa hivyo kama kuna alama katika ubongo wa watu wa huku, nyingine hatukuzaliwa nazo. Ziliandikwa na walewale waliosema wanakuja kutibu.

Weka nyuroni ya mtu wa Gatitu kando ya ya mtu wa London chini ya hadubini. Hakuna daktari atakayekuambia ipi ni ya nani. Wazee wetu walivalishwa vipande shingoni ili wajulikane ni akina nani na wanafanya kazi kwa nani. Seli haijawahi kuvaa kipande.