Soda Si Mila Yetu: Tulikotoka na Tunachoacha Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Leo tunazungumzia jambo ambalo zamani halikuwa likisikika huku kwetu, lakini sasa limeanza kugonga mlangoni.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Njukini. Amebeba uzito mkubwa kwa miaka mingi. Magoti yanamuuma, ana kisukari, na shinikizo la damu halishuki. Watoto wake wanaofanya kazi mjini wamechanga pesa, akapelekwa hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Miezi miwili baadaye amerudi nyumbani, na jirani ana arusi. Wifi yake anamletea soda baridi na sahani ya pilau iliyojaa. Mama anakataa kwa upole. Wifi anamwambia, "Kunywa hata kidogo, wifi. Watu watasema umekuja na maringo ya mjini."

Je, mama huyu afanye nini? Na wewe ungekuwa yule wifi, ungefanya nini?

Wengi wetu tungesema, "Mwacha mila ni mtumwa." Ni kweli, mila ni kitu cha kutunzwa. Lakini tujiulize kwanza: je, soda ni mila? Chai yenye vijiko vitano vya sukari ni mila? Ili tujibu, turudi nyuma kidogo.

Mgeni Mzungu anayeitwa Joseph Thomson alipopita Taveta mwaka 1883, alikuta mahali palipojulikana na misafara yote iliyotoka pwani. Watu wa misafara walipumzika katika msitu wa Taveta kwa sababu palikuwa na maji na chakula. Mashamba yalijaa ndizi, na mto Lumi ulitoa samaki. Ndizi zilipikwa, zilichomwa, na zilipondwa. Kule milimani Wataita walikuwa na kimanga, yaani chakula cha kupondwa pamoja na maharagwe. Kinywaji cha kila siku kilikuwa maji, maziwa au uji. Utamu ulitoka kwenye asali, tunda au kipande cha muwa. Pombe ya ndizi au ya miwa ilikuwa ya wazee na ya sherehe.

Tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Wataita wanaikumbuka njaa ya Mwakisenge, ya miaka ya 1884 na 1885, iliyoua watu wengi. Watu waliopitia njaa namna hiyo huheshimu mwili ulionenepa. Unene ulikuwa dalili kwamba nyumba ina chakula, na mume anatunza mke wake. Ndiyo maana hata leo mtu akipungua tunauliza, "Unaumwa?" Na ndiyo maana kumpa mgeni sahani iliyojaa ni heshima. Kwa hiyo wifi aliyeleta soda hakuwa na ubaya. Alikuwa akionyesha upendo kama alivyofundishwa.

Sasa sukari ya dukani ilifikaje hapa? Reli ya kutoka Mombasa ilipita Voi mwishoni mwa miaka ya 1890. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza lilijenga reli nyingine kutoka Voi hadi Taveta, ikafika mwaka 1916. Baada ya hapo bidhaa za madukani zilipata njia rahisi ya kufika. Majani chai yalipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru. Kiwanda cha sukari cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza mwaka 1922, na cha Ramisi, huko Kwale, mwaka 1927. Coca-Cola ilianza kuuzwa Kenya mwaka 1948. Kiwanda cha Mumias kilifunguliwa mwaka 1973.

Hesabu mwenyewe, mama. Bibi wa bibi yako hakuijua soda. Kitu ambacho leo tunaona hakiwezi kukosa kwenye arusi au matanga si cha zamani sana katika nchi hii. Soda ni mgeni aliyezoeleka tu, si mila.

Na mgeni huyu ametubadilisha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba mwanamke 1 kati ya 4 nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 ikawa mwanamke 1 kati ya 3. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipoangalia wanawake wa miaka 20 hadi 49, ulikuta asilimia 45. Sukari si sababu pekee. Tunakaanga zaidi, tunatembea kidogo, tunapanda bodaboda hata kwa safari fupi. Lakini soda moja ya kola ya mililita 300 ina sukari ya gramu 32 hivi, sawa na vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe kama vijiko 12 kwa siku, na ni bora zaidi visifike 6. Chupa moja tu imeshapita hapo.

Upasuaji nao una historia yake, na historia hiyo ina mafunzo kwa mama wetu wa Njukini.

Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walianza kukata njia ya utumbo ili chakula kisisharabiwe chote mwilini. Watu walipungua sana, lakini wengi waliharisha bila kukoma, wengine wakaharibika ini na figo. Upasuaji huo uliachwa. Mwaka 1966 Dkt. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alianza njia nyingine. Alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda hubaki wembamba. Basi akatengeneza tumbo dogo na kuliunganisha na utumbo. Njia hiyo iliboreshwa, na bado inatumika. Njia nyingine inayotumika sana leo ni kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, likabaki jembamba kama ndizi.

Katika miaka ya 1980 madaktari walijaribu pia kufunga sehemu ya juu ya tumbo kwa mkanda ili mtu ashibe haraka. Nyama na ugali vilipita kwa shida. Lakini aiskrimu, soda na maziwa matamu vilipita bila taabu. Wale waliopenda vitu vitamu wakavinywa kidogo kidogo mchana kutwa, na uzito ukarudi. Hapo madaktari wakajifunza jambo ambalo halijabadilika hadi leo: kisu kinaweza kupunguza tumbo, lakini hakiwezi kukataa kinywaji kitamu. Kukataa ni kazi ya mtu mwenyewe na watu wa nyumbani kwake.

Je, mama huyu aache nini, na kwa nini?

Kwanza, soda na vinywaji vyote vyenye gesi. Tumbo lililobaki ni dogo mno. Kwa njia ya Dkt. Mason, linaweza kuanza na nafasi ya mililita 30 tu, yaani vijiko 6 vya chai. Gesi hulijaza na kuleta maumivu.

Pili, vitu vyenye sukari nyingi: juisi ya dukani, chai ya sukari, keki, mandazi matamu. Baada ya upasuaji sukari inaweza kukimbilia kwenye utumbo kwa ghafla. Katika dakika 10 hadi 30 moyo unapiga mbio, jasho linatoka, tumbo linakata, anaharisha, anataka kulala chini. Wengine huishiwa nguvu na kutetemeka saa 1 hadi 3 baadaye, kwa sababu sukari ya damu imeshuka. Watu wa nyumbani wasidhani amerogwa. Ni ile soda.

Tatu, pombe, iwe ya kiwandani, mbege au dengelua. Humpanda haraka kuliko zamani, na wengine huingia katika ulevi ambao hawakuwa nao.

Nne, chakula kikavu au cha kunata: nyama ngumu, mkate laini, chapati, bonge la ugali. Vinaweza kukwama na kumtapisha. Baadaye daktari anaweza kumruhusu kujaribu kidogo kidogo, akitafuna sana.

Tano, dawa za maumivu za dukani kama ibuprofen na diclofenac. Zinaweza kuleta vidonda tumboni. Aulize daktari kabla ya kumeza dawa yoyote.

Sasa ale nini? Kwa kawaida huanza na vitu vya majimaji kwa wiki 1 au 2, kisha vya kupondwa, kisha laini, na baada ya wiki 6 hadi 8 hurudi polepole kwenye chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Afuate ratiba aliyopewa hospitalini kwake. Na hapa, mama, angalia jikoni mwako. Maharagwe yaliyopondwa, yai lililochemshwa, samaki laini asiye na miiba, maziwa lala bila sukari, uji mwepesi bila sukari, mchicha uliopikwa ukalainika, ndizi iliyopondwa kidogo. Hicho si chakula cha kigeni. Ni kama kile bibi zetu walichowapondea watoto na wazee. Aanze na vyakula vya kujenga mwili kabla ya wanga. Ale polepole, aache akishiba. Maji ayanywe kwa mafunda madogo siku nzima, lakini si pamoja na chakula. Asubiri kama nusu saa baada ya kula.

Vidonge vya vitamini na madini alivyoandikiwa ni vya maisha yake yote. Akiwa bado katika umri wa kuzaa, azungumze na daktari kuhusu kupanga uzazi, kwa sababu hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba. Na akitapika bila kukoma, akipata homa, maumivu makali ya tumbo au moyo kwenda mbio, asingoje kesho. Apelekwe hospitali mara moja.

Tusisahau kwamba kuacha kunauma. Chai tamu ya asubuhi ni mazungumzo na jirani. Soda ya arusi ni furaha ya pamoja. Mama huyu anaweza kulia kwa ajili ya kikombe cha chai, na asichekwe. Baada ya muda ulimi huzoea, na chai isiyo na sukari haimshangazi tena. Lakini itakuwa vigumu sana kama kreti la soda liko chini ya meza na kila mtu anakunywa mbele yake.

Basi turudi kwenye ile arusi. Wifi ajue kwamba heshima haikai ndani ya chupa. Amletee maji safi ya kunywa, kijisahani kidogo chenye maharagwe au samaki, na kiti cha kukaa karibu naye. Akisema "nimeshiba", asibembelezwe. Na nyumba nzima ikipunguza sukari pamoja naye, watoto wadogo nao watafaidika kabla hawajafika anakofika mtu mpaka ahitaji kisu.

Kumbuka, mama na mlezi:
- Upasuaji husaidia, lakini haumalizi kazi.
- Soda na sukari nyingi si mila yetu. Kuviacha si utumwa.
- Chakula kidogo, laini, chenye kujenga mwili, na maji kati ya milo.
- Vidonge kila siku, na kliniki bila kukosa.
- Anayeacha asiachwe peke yake.

Ukiwa na swali, muulize muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu nawe au mhudumu wa afya wa kijiji chako.